Taka za Kinindo: Anayetupa na Anayetuma



Wahenga walisema mjumbe hauawi. Hapa Kinindo, katika jambo la takataka, mjumbe ndiye anayeuawa na aliyemtuma anaachwa. Mlinzi wa zamu akikutwa alfajiri na gunia la uchafu kando ya mto, ni yeye anayetukanwa, ni yeye anayetozwa faranga, na pengine ni yeye anayelala ndani. Mwenye nyumba amelala kitandani kwake. Kukicha atapita na gari penye jalala lile lile, atapandisha kioo kwa sababu ya harufu, na akifika kazini atawaambia wenzake kwamba watu wetu hawana ustaarabu.

Jambo hili limesemwa sana katika mikutano yetu, na mara nyingi limesemwa kwa hasira bila mpango. Nataka tulitazame polepole. Tujue taka inatoka wapi na inakwenda wapi, nani anafaidika ikitupwa ovyo na nani anaumia. Halafu tuseme sisi wafanyakazi tutafanya nini.

TAKA INATOKA WAPI

Kinindo iko kusini mwa Bujumbura, chini ya Musaga, na miguu yake iko ziwani. Mto Muha unapita upande wa kaskazini, mto Kanyosha upande wa kusini. Ni karitie ya nyumba zenye ukuta na geti. Nyuma ya geti yumo mpishi, yumo yaya, yumo mtunza bustani, yumo zamu wa mchana na zamu wa usiku. Wengi wao hawana chumba Kinindo. Kazi ikiisha wanapanda kwa miguu kwenda Musaga au Kanyosha, na asubuhi wanateremka tena. Hao ndio wanachama wetu, na ambao bado hawajajiunga ndio tunaowatafuta.

Tazama kinachotoka katika nyumba moja kwa siku. Maganda ya ndizi na ya viazi, mabua ya lengalenga, mabaki ya wali na maharagwe, majani ya bustani. Hiyo ndiyo sehemu kubwa, na yote ni vitu vya kuoza. Juu yake kuna chupa za maji za plastiki, makopo ya maziwa, nepi za mtoto, betri za redio, vichupa vya dawa, na siku nyingine sindano. Vyote vinatiwa katika gunia moja, kilicho salama pamoja na kilicho sumu.

Gari la kuchukua taka likipita kwa siku yake, gunia linaondoka na hakuna neno. Lisipopita wiki moja, gunia linavimba. Lisipopita wiki mbili, funza wanatoka. Ndipo tajiri anapotokea barazani na kusema, "Toa uchafu huu, sitaki kuuona." Hakusema upelekwe wapi. Hakutoa faranga za kumlipa mwenye mkokoteni. Katika maneno hayo machache umo ugonjwa wetu wote. Mfanyakazi amebaki na njia mbili: akatae aambiwe kesho asirudi, au asubiri giza abebe gunia mpaka mtoni.

Wako pia wanaotupa kwa wingi zaidi. Mwenye kujenga anakodi lori, lori linamwaga vifusi usiku katika kiwanja kisichojengwa, na kesho yake watu wengine wakiona kuna rundo wanaongeza la kwao. Jalala halizaliwi kubwa. Linaanza na mtu mmoja aliyeona njia fupi, na linakua kwa sababu hakuna aliyemwuliza. Dereva wa lori lile naye ni mfanyakazi aliyetumwa.

TAKA INAKWENDA WAPI

Anayetupa mtoni anadhani ametupa mbali. Mito yetu haina safari ndefu. Mvua ikinyesha milimani, Muha na Kanyosha hujaa kwa muda mfupi, hubeba kila kitu na kukimwaga ziwani, na ziwa liko hapo hapo chini ya barabara ya Rumonge. Sehemu kubwa ya maji ya bomba tunayokunywa Bujumbura REGIDESO huyavuta katika ziwa hilo hilo, huyasafisha na kuturudishia. Kwa hiyo kilichotoka kwa mlango wa nyuma usiku kinarudi kwa mlango wa mbele asubuhi, nasi tunalipa bili ya kukisafisha. Ndagala na mukeke tunaokula nao wanakaa humo.

Mtu atasema ziwa ni kubwa, litameza. Kweli ni kubwa. Tanganyika lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina cha mita 1,470, na duniani ni ziwa la Baikal peke yake linalolipita kwa kina. Lakini ukubwa huo ndio unaotuponza. Maji ya ziwa hili yana mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga upande wa Kongo, na wataalamu wanasema yanahitaji mamia ya miaka kubadilika yote. Kinachozama leo, wajukuu wa wajukuu wetu watakikuta. Tena ziwa si letu peke yetu. Tarehe 12 Juni 2003, Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilitia sahihi mjini Dar es Salaam mkataba wa kulitunza kwa pamoja, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika iliyotokana na mkataba huo imewekwa hapa hapa Bujumbura. Ni aibu kwa mwenyeji wa mkutano kuwa wa kwanza kuchafua kisima.

Taka isiyofika ziwani inabaki mtaroni na kuuziba. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Februari 2014 mvua iliwaua watu zaidi ya 60 katika karitie za kaskazini mwa jiji. Sisemi taka ndiyo iliyowaua. Ile ilikuwa mvua kubwa iliyoshuka na matope ya mlima. Ninasema mtaro uliozibwa hausubiri mvua kubwa kama ile, mvua ya kawaida inatosha. Mwaka 2021, na tena 2024, maji ya ziwa yalipopanda na kuingia katika nyumba za pwani, tuliona namna maji ya mitaro yanavyokosa pa kwenda. Yakikaa yanazaa mbu. Yakichanganyika na choo yanaleta kipindupindu. Anayelala chini ya chandarua katika nyumba ya ghorofa hataumwa sawa na yaya anayekaa chumba kimoja na watoto watano kando ya korongo. Taka ni ya wote, lakini ugonjwa wake una ubaguzi.

SI USTAARABU, NI HESABU

Wakubwa wanapenda kusema tatizo ni tabia: mwananchi afundishwe, abandikiwe matangazo, atozwe faini. Mimi nauliza swali dogo. Umewahi kuona chupa tupu ya Primus imelala mtaroni Kinindo ikakaa siku mbili? Huioni. Chupa ya plastiki ya maji unaiona kila hatua. Mnywaji ni mtu yule yule, na tabia ni ile ile. Tofauti ni kwamba chupa ya Primus ina thamani, ukiirudisha unarudishiwa chako, na aliyeitengeneza anaitaka irudi. Chupa ya plastiki aliyeiuza amekwisha kupata faida yake na hataki kuiona tena. Basi tusiambiwe Mrundi hajui kuokota. Anajua sana, ukimpa sababu.

Serikali yenyewe imekwisha kukubali kwamba kutazama mkono wa mtupaji peke yake hakutoshi. Amri ya mwezi wa Agosti 2018 iliyokataza mifuko ya plastiki haikumtazama mwenye kununua tu. Ilimgusa aingizaye, atengenezaye na auzaye, ikawapa miezi 18 ya kumaliza akiba zao, na ikaanza kutumika mwaka 2020. Hiyo ndiyo njia: shika shina, matawi yatakuja yenyewe.

Sasa tutazame hesabu ya gari. Jalala kubwa la jiji liko Buterere, kaskazini, upande wa uwanja wa ndege. Kinindo iko kusini. Kila gunia la kwetu ni lazima livuke jiji zima ndipo lifike. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilikuwa ya huduma za manispaa, SETEMU, na wazee wanakumbuka magari yake yalivyopungua mwaka hata mwaka kwa kukosa vipuri. Wakaja watu binafsi na mashirika, kila mmoja na karitie yake, wakitoza ada ya mwezi kwa kila nyumba. Mafuta yalipoadimika kama tulivyoona mwaka 2024, gari la taka lilisimama katika foleni ile ile ya teksi na basi. Na nyumba isiyolipa ada, gunia lake haliguswi hata gari likipita mlangoni. Hapo ndipo tajiri anapookoa faranga zake chache za mwezi, na zamu wake anapewa kazi ya usiku isiyo na mshahara. Tuite jambo kwa jina lake: ada isiyolipwa inalipwa na mgongo wa mfanyakazi.

Majina ya viongozi wetu yamebadilika mara nyingi. Kinindo ilikuwa komini yenyewe, mwaka 2014 ikatiwa katika Komini Muha, na mipaka imechorwa tena baada ya hapo. Mpaka ukichorwa upya, gunia halihami. Tunataka kujua ni ofisi gani inayojibu gari lisipofika, na jibu hilo libandikwe ukutani wananchi walisome.

TUJIFUNZE KWA JIRANI

Wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, walikuwa wakivuta moshi wa jalala la jiji mchana na usiku. Hawakutupa mawe. Mwaka 1988 walikwenda Mahakama Kuu kuishitaki Halmashauri ya Jiji, na mahakama ikaamuru jalala liondolewe. Halmashauri ikaomba muda, ikaomba muda tena, mpaka mwaka 1991 Jaji Lugakingira akakataa kuongeza, akasema kuhatarisha maisha ya watu kwa moshi ule kunavunja haki ya kuishi iliyo katika Katiba. Ushindi huo ni wa raia wa kawaida, na kila mfanyakazi anapaswa kuujua.

Lakini habari haikuishia hapo. Jiji lilichukua taka za Tabata likazipeleka Kunduchi Mtongani. Mwaka huo huo wakazi wa Kunduchi, zaidi ya mia saba, nao wakaenda mahakamani, nao wakashinda. Baadaye zikaenda Vingunguti, kisha Mtoni, kisha Pugu. Somo lake ni mawili. La kwanza, wanyonge wakishikana wanaweza kuisimamisha hata ofisi kubwa. La pili, taka iliyohamishwa haijaondolewa, imebadilishiwa mnyonge. Kwa hiyo sisi wa Kinindo tusijidai kusafisha kwetu kwa kumwaga Kanyosha au kwa kumsahau mtu wa Buterere, ambaye watoto wake wanachokora takataka zetu kutafuta chuma na chakula.

Tazama pia Kampala. Jalala la Kiteezi lilifunguliwa mwaka 1996, likaachwa kukua kuwa mlima juu ya nyumba za watu. Tarehe 10 Agosti 2024 mlima ule uliporomoka ukafunika nyumba na kuua watu zaidi ya 30. Mwezi uliofuata wakubwa wa jiji walifukuzwa kazi. Kufukuzwa kwao hakumfufua mtu.

MFANYAKAZI WA TAKA NI MFANYAKAZI

Tunapolalamika gari limechelewa, tumkumbuke anayesimama nyuma ya gari hilo. Anabeba kwa mikono mitupu gunia lenye vioo na sindano. Hana glavu, hana buti, hana kitambaa cha pua. Akichomwa, atajitibu mwenyewe. Wengi ni vibarua wa siku, hawana mkataba. Tusisahau kwamba kima cha chini cha mshahara kilichowekwa mwaka 1988 kilikuwa faranga 160 kwa siku mjini Bujumbura, na kiliachwa hivyo zaidi ya miaka thelathini huku bei ya unga ikipanda ngazi kila msimu. Mwenye kulipa kibarua anajua hesabu hiyo na anaitumia.

Huko Memphis, Marekani, tarehe 1 Februari 1968 wazoa taka wawili walisagwa na mtambo wa gari la taka walipokuwa wakijikinga mvua. Siku chache baadaye wenzao wapatao 1,300 waligoma. Mabango waliyobeba hayakudai faranga kwanza. Yalidai watambuliwe kuwa ni watu. Martin Luther King alikwenda kuwaunga mkono, na huko huko akauawa tarehe 4 Aprili. Tarehe 16 Aprili jiji lilikitambua chama chao na kuwaongeza mshahara. Ndugu zangu, watu wale walikuwa wanazoa taka kama mwenzetu wa Kinindo. Waliposhikana, dunia nzima ikawasikia.

SHERIA TUNAZO

Mtu asituambie hakuna sheria. Burundi ina sheria ya mazingira tangu mwaka 2000, ikafanyiwa marekebisho mwaka 2021. Sheria ya maji ya mwaka 2012 iliweka ukanda wa mita 150 kando ya Ziwa Tanganyika ambao hautakiwi kuguswa. Nenda pwani upime, utaona nani amejenga humo. Sheria ya kazi ya Novemba 2020 inamtaka mwajiri alinde afya na usalama wa mfanyakazi wake. Na mwaka 2011, huko Geneva, Shirika la Kazi la Dunia lilipitisha mkataba namba 189 unaosema mtumishi wa nyumbani ni mfanyakazi kama wengine. Sheria hazijapungua. Kilichopungua ni mtu wa kuzishika mkononi na kugonga geti.

Wako wanachama wanaouliza: chama na taka wapi na wapi? Kazi ya chama si mishahara? Nawajibu hivi. Mshahara ukiongezwa kisha ukaenda wote kwa dawa ya malaria na ya kuhara ya mtoto, umeongezwa nini? Tena kubeba gunia usiku ni kazi. Haimo katika mapatano, haina malipo, ina hatari, na aliyeiagiza anaikana mbele ya polisi. Kama hilo si jambo la chama, sijui chama ni cha nini.

Wengine wanasema: mfanyakazi mmoja akikataa, atafukuzwa, na mlangoni wako kumi wanaosubiri. Kweli kabisa. Ndiyo sababu sisemi mmoja akatae. Kidole kimoja hakivunji chawa.

TUFANYE HIVI

Naleta mbele ya wanachama mambo sita, tuyazungumze na tuyapitishe katika mkutano ujao.

1. Kila mfanyakazi wa nyumbani aseme wakati wa kuandikwa kazi, mbele ya shahidi, kwamba kutupa taka nje ya nyumba si kazi yake kama tajiri halipi ada ya gari au ya mkokoteni. Aliye kazini tayari aseme pamoja na wenzake wa mtaa mzima kwa siku moja, asiseme peke yake.

2. Mfanyakazi akikamatwa na gunia, chama kimfuate siku hiyo hiyo, na tudai aliyemtuma aitwe. Faini ilipwe na nyumba iliyotoa taka. Shefu wa karitie na nyumbakumi wanazijua nyumba zote. Hawawezi kusema hawajui gunia limetoka wapi.

3. Tuanze sisi wenyewe kutenga. Vya kuoza viwekwe mbali na plastiki, vioo na sindano. Mtunza bustani anajua kutengeneza mboji, na mboji ina wanunuzi, kwa sababu wakulima wa mboga hawana mbolea ya kutosha. Tukitoa vya kuoza katika gunia, kinachobaki cha kuvuka jiji mpaka Buterere ni kidogo, hata gari likichelewa hakitoi funza.

4. Wenye mikokoteni wajiunge wawe ushirika, wapewe mahali pamoja panapojulikana pa kukusanyia, na ada ya nyumba ndogo iwe ndogo na ya villa iwe kubwa. Anayetoa gunia tano asilipe sawa na anayetoa nusu.

5. Wazoa taka wapewe glavu, buti na mkataba. Kampuni au shirika lisilotoa hivyo lisipewe karitie.

6. Kazi za pamoja za Jumamosi asubuhi ziwe za wote. Tumechoka kuona zamu na yaya wakishika majembe mtaroni huku wenye nyumba wakisubiri saa ziishe nyuma ya geti. Aliyejaza mtaro aje auzibue.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalotaka msaada wa ng'ambo wala fundi wa kigeni. Linalotakiwa ni sauti moja. Tajiri mmoja wa Kinindo anaweza kumfukuza zamu mmoja. Hawezi kuufukuza mtaa mzima, kwa sababu siku hiyo atabaki na geti, gunia lake na funza wake, na atalazimika kwa mara ya kwanza kuuliza gari la taka hupita siku gani.

Mkutano wetu ni Jumapili, baada ya ibada, mahali petu pa kawaida. Kila mwanachama aje na mwenzake mmoja ambaye hajajiunga. Wenye mikokoteni wanakaribishwa, na madereva wa malori vile vile.

Umoja wa wafanyakazi udumu.